Mashauriano Juu ya Mtoto: Somo Kutoka Aya ya Kunyonyesha

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Shukrani zote ni zake Yeye aliyetupa watoto kisha akatufanya wachunga juu yao. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baad.



Tukilisikia neno shura, wengi wetu hapa chuoni tunafikiria mambo makubwa: uongozi wa umma, uchaguzi wa amiri wa jumuiya, vikao vya wazee wa msikiti. Leo nataka tuizungumze shura ya mahali padogo sana, yaani kwenye benchi la kliniki ya watoto, kati ya baba, mama na daktari. Nitaanza kwa kukiri kosa langu mwenyewe, kwa sababu si haki kuwausia wenzangu jambo nililolivunja mimi huku nikilificha.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi niliyerudi darasani kutafuta shahada. Wakati wa masomo ninaishi hapa Mbale, na familia yangu iko Busia. Binti yetu wa kwanza ana ugonjwa wa selimundu. Tulilijua hilo kabla hajatimiza mwaka, vidole vyake vya mikono na miguu vilipovimba na akawa analia usiku kucha. Tulipopimwa damu, mimi na mke wangu tukakutwa kila mmoja amebeba urithi wa ugonjwa huo bila yeye mwenyewe kuugua. Tukaelezwa kwamba wazazi wa namna yetu, katika kila mimba, wana nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa. Tukasema alhamdulillahi kwa kila hali, tukaanza kumlea.

Alipofika miaka sita, katika mwaka mmoja alilazwa mara tatu. Mara ya tatu daktari akamwandikia haidroksiurea. Mke wangu alikuwa peke yake na mtoto, foleni nyuma yake ni ndefu, na maelezo yakawa ya dakika chache: mpe kila siku, mrudishe baada ya mwezi tupime damu. Mke wangu akaitikia, "Sawa, daktari," kama tunavyoitikia sote. Jioni akanipigia simu kunieleza.

Nikachukua simu yangu nikasoma juu ya dawa ile. Nikaona inatumika pia kwa wagonjwa wa saratani ya damu. Moyo ukaruka. Bila kumuuliza mtu yeyote nikampigia mke wangu nikamwambia, "Simamisha dawa hiyo. Na daktari akikuuliza, mwambie anakunywa." Akajaribu kunieleza kuwa yeye ndiye anayekesha na mtoto, na kwamba angependa tumuulize daktari kwanza. Nikamwambia mimi ndiye baba.

Kwa muda wa miezi miwili mke wangu alikwenda kliniki akasema uongo kwa amri yangu. Tazameni sasa uongo unavyofanya kazi yake. Daktari alitazama majibu ya damu, akaona dawa haijaleta badiliko lolote katika chembe nyekundu. Yeye anaamini mtoto anakunywa. Akafanya jambo la kitaalamu kabisa kwa mujibu wa taarifa aliyopewa: akaongeza dozi. Laiti siku ile mama yangu, ambaye alikuwa nyumbani na hakujua lolote, angeamua kumpa mjukuu wake dawa iliyoandikwa kwenye pakiti, mtoto angeanza na kipimo kikubwa kilichotokana na majibu ya uongo. Mwenyezi Mungu alituepusha na hilo.

Hakutuepusha na maumivu. Usiku mmoja mtoto akashikwa na maumivu ya mifupa, akalia mpaka sauti ikakauka. Hospitalini muuguzi mmoja wa makamo alimkalisha mke wangu pembeni akamuuliza kwa upole, "Mama, huyu mtoto dawa anakunywa kweli?" Mke wangu akalia. Akasema yote.

Nilipofika asubuhi kwa taksi ya kwanza nilijiandaa kugombezwa. Daktari akaita viti, tukakaa wanne: yeye, muuguzi, mke wangu na mimi. Akaniuliza, "Mwalimu, ulihofia nini?" Ndugu zangu, hakuna aliyekuwa ameniuliza swali hilo. Na mimi sikuwa nimempa mtu nafasi ya kuniuliza.

Tukiwa katika hali hiyo ndipo nilipoikumbuka aya ambayo nimeisoma tangu madrasa bila kuizingatia. Katika Surat Al-Baqara, aya ya 233, Mwenyezi Mungu anazungumzia kunyonyesha. Anataja miaka miwili kamili kwa anayetaka kuitimiza. Kisha anaeleza kwamba wazazi wakitaka kumwachisha mtoto kabla ya hapo, hapana dhambi juu yao, maadamu wameridhiana wote wawili na wameshauriana. Zingatieni: suala lenyewe ni maziwa. Mtoto hawezi kusema, mama ndiye mwenye ziwa, baba ndiye mwenye kutoa matumizi. Lakini Mola wetu hakumwachia mmoja wao akate shauri peke yake. Ameweka masharti mawili pamoja, ridhaa na mashauriano. Ibn Kathir katika tafsiri yake anaeleza kwamba hapa tunapata hukumu kuwa uamuzi wa mzazi mmoja bila ya mwenzake hautoshi.

Ikiwa kumwachisha mtoto ziwa kunataka ridhaa na mashauriano, itakuwaje dawa ya kila siku ambayo mtoto ataitumia kwa miaka? Itakuwaje upasuaji? Mimi niliikata shauri kwa simu, nikamfunga mdomo mama wa mtoto, kisha nikaita jambo hilo uongozi wa nyumba.

Aya hiyo hiyo inasema mambo mengine mawili tunayoyapita haraka. Inaeleza kuwa nafsi haikalifishwi ila kwa kadiri ya uwezo wake, na kwamba mama asitiwe taabuni kwa sababu ya mtoto wake, wala baba kwa sababu ya mtoto wake. Hapa pana somo kwa ninyi mtakaokuwa madaktari, wauguzi na wafamasia. Mpango wa matibabu usiobebeka na familia haujakamilika, hata kama ni sahihi vitabuni. Daktari aliyetuandikia kipimo cha damu cha kila mwezi alikuwa sahihi. Lakini hakujua kuwa nauli ya kwenda na kurudi, pamoja na siku nzima ya biashara ya mke wangu inayopotea, ilikuwa mzigo. Hakujua kwa sababu hakuuliza, na sisi hatukusema kwa sababu tuliona aibu.

Je, daktari anaingiaje katika shura ya wazazi? Anaingia kwa mlango wa elimu. Katika Surat An-Nahl, aya ya 43, tumeamrishwa kuwauliza wenye ujuzi pale tusipojua. Maneno hayo yalishuka juu ya habari za Mitume waliotangulia, lakini wanazuoni wameitumia kanuni yake katika kila fani. Na Abu Dawud amepokea kutoka kwa Jabir (r.a.) kisa cha mtu aliyejeruhiwa kichwani safarini, kisha akapatwa na janaba usingizini. Akawauliza wenzake kama anaruhusiwa kutayamamu. Wakamwambia hawaoni ruhusa hiyo maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.) alighadhibika sana, akawalaumu kwamba wao ndio waliomuua, na akabainisha kuwa dawa ya kutojua ni kuuliza. Wale walikuwa masahaba, watu wa kheri, na nia yao ilikuwa kulinda dini. Nia njema haikumrudishia yule mtu uhai wake. Nilipokisoma tena kisa hiki niliona sura yangu ndani yake, mtu aliyetoa fatwa ya simu juu ya mwili wa mwingine.

Lakini msidhani lawama ni ya wazazi peke yao. Katika Sahihi Bukhari, Bibi Aisha (r.a.) anasimulia kwamba Mtume (s.a.w.) katika maradhi yake walimtia dawa kwa pembe ya kinywa, naye akawaashiria wasifanye hivyo. Wao wakasema moyoni kwamba hiyo ni chuki ya kawaida ya mgonjwa kwa dawa. Alipopata nafuu aliwauliza kama hakuwakataza, kisha akaamuru kila aliyekuwemo nyumbani atiwe dawa ile ile mbele ya macho yake, isipokuwa Abbas, ambaye hakuwepo walipofanya hivyo. Waliomtibu walikuwa watu waliompenda kuliko nafsi zao. Kosa lao lilikuwa kuifasiri ishara yake bila kumuuliza. Mara ngapi mtoa huduma anamwona mama amekunja uso akasema moyoni, "Hawa hawajasoma, wanaogopa bure"? Anayesitasita ana sababu. Iulize hiyo sababu kabla ya kuitungia jina.

Tena tazameni adabu ya Mtume (s.a.w.) kwa mzazi aliyekosea. Katika Bukhari na Muslim imepokewa kwamba Ummu Qays bint Mihsan (r.a.) alimleta mwanawe mdogo ambaye alikuwa amembonyeza kooni kwa ajili ya maradhi ya kimeo, kama ilivyokuwa desturi ya kina mama wa wakati ule. Mtume (s.a.w.) hakumfukuza. Aliwauliza kina mama kwa nini wanawaumiza watoto wao kwa kubonyeza huko, kisha akawaelekeza kwenye udi wa Kihindi. Hapo pana swali, pana katazo la madhara, na pana njia mbadala. Mpaka leo katika nchi zetu kuna watoto wanaokatwa kimeo na kung'olewa vijino ambavyo havijaota, kwa kisu na kwa spoku ya baiskeli. Ukimkaripia mama wa mtoto huyo, mara ya pili atakwenda kwa siri. Ukimuuliza na kumpa njia iliyo salama, atarudi kwako.

Narudi kwenye viti vile vinne. Nilimwambia daktari hofu yangu: mwanangu hana saratani, kwa nini apewe dawa ya saratani? Hakucheka. Akasema ni kweli, dawa hiyo ilianza katika kutibu maradhi ya namna hiyo na bado inatumika. Akaeleza kwamba kwa mwenye selimundu inausaidia mwili kutengeneza ile aina ya damu ambayo mtoto anakuwa nayo tumboni mwa mama, ambayo haipindiki kama mundu. Akaeleza na ubaya wake: inaweza kushusha chembe nyeupe za damu, na ndiyo sababu ya kupima mara kwa mara, si desturi tu ya kliniki. Kisha akaniuliza ninasoma wapi. Nikasema Mbale. Akatabasamu kidogo. Akaniambia kwamba utafiti mkubwa wa dawa hiyo kwa watoto wa Afrika, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2019, ulifanyika katika nchi nne, Angola, Kongo, Kenya na Uganda, na kwamba kituo cha Uganda kilikuwa Mbale. Watoto 606 wa umri wa mwaka mmoja hadi kumi walianza dawa. Ikilinganishwa na kipindi cha kabla ya kuianza, maumivu yalipungua, malaria ilipungua, kuongezewa damu kulipungua, na vifo vilipungua.

Niliona haya. Nilikuwa nimetafuta jawabu kwenye simu yangu usiku, nalo lilikuwa katika mji ninaolala.

Kisha muuguzi akafanya jambo ambalo sote watatu tulikuwa tumelisahau. Akamgeukia mtoto kitandani akamuuliza, "Na wewe mama, dawa hii unaionaje?" Zile siku chache alizokunywa mwanzoni, kumbe ilimtia kichefuchefu darasani. Akasema angependa kuinywa usiku. Basi! Nikamkumbuka Nabii Ibrahim (a.s.), ambaye Surat As-Saffat, aya ya 102, inatueleza kuwa alipoamrishwa jambo zito kuliko yote juu ya mwanawe, alimweleza mwanawe ndoto yake na akamtaka naye aseme anaonaje. Amri ilikuwa ya Mola wa walimwengu, na bado mtoto aliulizwa. Sisi tulikuwa tunabishana juu ya kidonge na hatukumuuliza mnywaji.

Mtoto hawi ndiye mwamuzi, maana hajui matokeo. Lakini anajua mambo ya mwili wake ambayo hakuna mwingine anayeyajua. Mama anajua usiku. Baba anajua mfuko. Daktari anajua dawa. Kila mmoja ameshika kipande cha amana hiyo, na kipande kimoja hakitoshi.

Tulitoka pale na makubaliano. Dozi ianze upya kutoka chini. Dawa inywewe baada ya Maghrib, mke wangu akisimamia. Damu ipimwe kwa karibu katika miezi ya mwanzo, na hali ikitulia vipimo viachane. Nauli ya kliniki niitume kabla ya tarehe, si baada ya kukumbushwa. Na tukiwa na shaka, tupige simu kabla ya kusimamisha, siyo baada. Sikwambieni kwamba binti yangu amepona. Selimundu haikuondoka, na mwezi uliopita aliumwa tena. Lakini sasa anapoumwa, daktari anatibu hali ya kweli.

Ndugu zangu, nina mausia machache.

Kwa mnaosomea tiba: Mtume (s.a.w.) ameeleza, katika hadithi iliyopokewa na Abu Dawud na wengineo, kwamba anayejitia utabibu bila kujulikana kwa utabibu anabeba dhamana ya madhara yake. Elimu yenu basi ni amana nzito. Itoeni kwa lugha ambayo mzazi anaielewa. Mwelezeni njia zilizopo, zikiwa mbili au tatu, faida na madhara ya kila moja, na pia nini kitatokea msipofanya kitu. Kisha muulizeni arudie kwa maneno yake alichokielewa. "Sawa, daktari" si ridhaa. Mara nyingi ni njia ya heshima ya kukimbia aibu.

Kwa wazazi na watakaokuwa wazazi: msiondoke kliniki bila kuuliza dawa hii ni ya nini, ina madhara gani, kuna njia nyingine, na nifanye nini ikinishinda. Mkikataa, semeni kuwa mmekataa. Mkitumia dawa za mitishamba, zitajeni. Kumficha tabibu ni kumfunga macho kisha kumkabidhi mtoto.

Kwa wanaume hasa: kuwa msimamizi wa nyumba hakukupi elimu usiyokuwa nayo. Katika Surat Al Imran, aya ya 159, Mwenyezi Mungu alimwamrisha Mtume wake, anayepokea wahyi, ashauriane na wenzake. Sisi ni nani hata tusishauriane na wake zetu?

Kwa ambao bado hamjaoa na hamjaolewa: kipimo cha damu kabla ya nikahi ni mwanzo wa mashauriano haya. Mimi na mke wangu hatukukifanya.

Na jueni mpaka wa jambo hili. Mashauriano ni kwa pale penye muda. Mtoto akiwa amepoteza fahamu, akiwa anahitaji damu sasa hivi, mama asisubiri simu ya baba aliye mbali, na daktari asisubiri kikao. Surat Al-Maida, aya ya 32, imetufundisha kuwa kuhuisha nafsi moja ni kama kuwahuisha watu wote. Baba mwenye busara anampa mkewe ruhusa hiyo mapema, kabla ya usiku wa dharura kufika.

Wapo watakaosema kwamba mtegemea Mungu hahitaji yote haya. Mabedui walimuuliza Mtume (s.a.w.) kama watafute matibabu, naye akawaamrisha watafute, akawaeleza kuwa Mwenyezi Mungu hakuweka maradhi ila ameyawekea dawa, isipokuwa uzee. Na katika ile aya ya Al Imran, baada ya mashauriano inakuja azma, na baada ya azma ndipo inapokuja tawakkul. Mimi niliruka mashauriano, nikaifanya hofu yangu kuwa azma, kisha nikaiita tawakkul.

Nilimwomba mke wangu radhi mbele ya binti yetu, kwa sababu mbele yake ndipo nilipomnyamazisha. Nilimwomba daktari radhi pia. Bado namwomba Mola wangu.

Ewe Mola wetu, waponye watoto wetu na watoto wa Waislamu na wa watu wote. Wape waganga wetu elimu na subira, utupe sisi wazazi ukweli wa kusema na unyenyekevu wa kuuliza, na uyafanye mambo yetu kuwa ya kushauriana baina yetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.